Kikapu cha miyaa kisicho na nailoni: namna ya kukisuka, kukishona na kukivisha mikono

Geuza kikapu chochote kinachouzwa Usita wa Mui, hapa Lamu, utazame mshono wake. Aghalabu utakuta uzi wa nailoni, ule wa kufumia nyavu. Mikono nayo ni kamba ya dukani, na ndani kumeshonwa kitambaa cha plastiki. Majani peke yake ndiyo ya mkoma (mti wa jamii ya mnazi, ambao majani yake makavu ndiyo miyaa), lakini mnunuzi anaambiwa ni bidhaa ya asili.

Mwongozo huu ni wa kikapu ambacho kila kipande chake kimetoka kwenye mmea. Tena sehemu mbili zinazochakaa upesi, yaani mikono na kitako, zinavuliwa na kuvishwa mpya bila kufumua kiwiliwili. Hili la pili ndilo ninalolishikilia zaidi. Kikapu kinachooza vizuri lakini kinatupwa baada ya msimu mmoja kimemaliza mikoma bure.

1. Kukata na kuanika

Kata kilele cha mkoma, yaani jani changa ambalo halijafunguka. Katika kila shina chukua kimoja tu, kisha uache kinachofuata kifunguke kiwe jani kamili ndipo urudi. Usiteremshe kisu hadi kwenye moyo, maana shina lililokatwa moyo halichipui tena.

Msimu mzuri wa kuanika ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Tandua kilele, kitandaze juani, kigeuze kila siku, na usiku ukiingize ndani. Miyaa iko tayari ikiacha ukijani ikawa rangi ya maziwa na kutoa mlio mkavu ukiikunja. Ukianika wakati wa mvua za mwaka, yaani masika, itaingia ukungu, na madoa yake meusi hayatoki kwa kuosha.

2. Kuchana

Ondoa uti wa kati, kisha chana miyaa kwa upana mmoja. Chukua mmoja ulio mzuri uwe kipimo cha wenzake. Upana ukitofautiana, ukili (ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa kikapu) utakwenda upogo, na upogo huo hutaurekebisha kwenye kushona.

3. Rangi, kama ni lazima

Mimi nakipenda kikapu cheupe. Lakini wateja wanataka michirizi, basi chemsha miyaa kwanza na shabu kidogo ili rangi ishike. Hina hutoa kahawia ya kuelekea chungwa. Ganda la mkoko hutoa wekundu wa udongo, na ukitia misumari yenye kutu katika maji hayohayo utapata karibu na nyeusi. Bizari ya manjano hupendeza siku za mwanzo, kisha jua huila.

Ganda la mkoko usilibandue mtini. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kuikata kunahitaji kibali. Omba maganda kwa wanaouza boriti zilizokatwa kihalali.

4. Kusuka ukili

Lowesha miyaa kidogo, uifunge katika kitambaa chenye unyevu. Usiilaze ndani ya maji usiku kucha. Anza na miyaa tisa na usuke ukili wa upana wa sentimita 4 hivi. Mwaa mmoja ukikaribia kwisha, laza mpya juu yake usuke yote miwili pamoja mapindo kadhaa. Viungo viwili visikutane mahali pamoja, kwa kuwa hapo ndipo ukili utakapokatikia.

Urefu unahesabika. Kikapu cha sokoni chenye kipenyo cha sentimita 30 kina mzunguko wa karibu sentimita 94. Kikipanda sentimita 35 kitahitaji safu kama tisa. Jumlisha na kitako, unapata mita 10 na ushei, au pima sita za mtu mzima. Ongeza nusu pima, usije ukakwama ukingoni.

Ukubwa huo una sababu. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, watu wanahitaji kitu cha kutosha unga, mchele, nazi na mboga kwa safari moja. (Ile mifuko laini iliyokuja baadaye, inayoitwa ya kitambaa, mingi nayo ni plastiki.)

5. Kushona

Sokota miyaa myembamba iwe uzi, uutie kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili. Kunja ncha ya ukili, uuzungushe juu ya nafsi yake, ukipitisha uzi katika vipindo vya kingo mbili zinazogusana. Kitako kikifika kipenyo unachotaka, simamisha ukili uanze kupanda. Hapo vuta uzi kwa mkono mwepesi. Ukikaza mno, mdomo unafumba na kikapu kinakuwa mtungi.

Juu na chini, shona vitanzi vinane vya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi): jozi nne, kila jozi imenyooka wima, mbili kila upande.

6. Usumba na mikono

Makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la pwani miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapigwa kwa gongo, yakaoshwa na kuanikwa. Nyuzi zinazobaki zina lignini nyingi, ndiyo maana zinastahimili maji ya chumvi. Mitepe, vile vyombo vya baharini vya kale vya Wabajuni, ilishonwa kwa kamba za nyuzi hizi, kwa hiyo mkono wa kikapu ni mzigo mdogo kwazo.

Sokota kamba ya ncha tatu, mita 3 na ziada kidogo. Ipitishe chini ya kitako mara mbili, ipande kwenye vitanzi vya upande huu, ifanye mkono, ishuke, ikafanye hivyohivyo upande wa pili. Ncha zikutane ubavuni kwa fundo linalofunguka. Sasa kilo 10 za mzigo zimekaa juu ya kamba, wala ukili hauvutwi.

7. Kitako cha pili

Shona duara jingine la ukili lenye kipenyo cha sentimita 32. Lifunge chini, juu ya kamba, kwa mafundo ya usumba kuzunguka ukingo. Hili ndilo litakalosuguana na mawe ya vichochoro na sakafu ya mashua. Vanishi usipake. Inapasuka kila miyaa inapokunjwa.

8. Kubadilisha

Ukiuza, muuzie mteja na kamba moja ya akiba, umwoneshe. Mkono ukianza kutoa manyoya, fungua fundo, funga ncha ya kamba mpya kwenye ncha ya kuukuu, kisha vuta ile kuukuu itoke. Mpya itaifuata katika vitanzi vyote hadi chini ya kitako na kurudi.