Passau hadi Vienna kwa baiskeli: kupanga safari ya marafiki waliovuka sitini

Kundi la wastaafu linalotaka kuendesha baiskeli ng'ambo kwa mara ya kwanza lisianzie milimani. Lianzie kando ya Mto Danube, kutoka Passau, mji wa Ujerumani uliopo mpakani kabisa, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Ni takriban kilomita 320, sehemu kubwa ikiwa lami iliyotengwa na magari, na njia inafuata mto unakoelekea. Passau ipo mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, Vienna 160 hivi. Mteremko huo macho hayauoni, ila magoti yanautambua ifikapo siku ya tano. Upepo nao mara nyingi hutoka magharibi, yaani mgongoni. Akitokea mtu wa kuwashauri muanzie Vienna kwa kuwa ndege inatua huko, mwambieni kwamba treni ya kwenda Passau inachukua saa mbili na nusu hivi, na upepo wa usoni unachukua wiki nzima.

Sababu nyingine ya kuichagua njia hii ni reli. Miji mingi njiani ina kituo cha treni, au kituo hakipo mbali. Aliyeamka na goti limevimba anapanda treni, na jioni wenzake wanamkuta hotelini amekwisha oga. Kwa watu wa umri huu, njia isiyo na pa kutokea haifai hata iwe nzuri vipi.

Kabla ya mtu yeyote kutoa pesa

Idadi nzuri ni sita hadi wanane. Mkizidi hapo, nyumba za wageni za vijijini hazitawatosha, na chakula cha mchana kitawachukua muda wa saa mbili.

Kila mmoja ajibu maswali manne kwa maandishi, peke yake, bila mwenzi wake kumchungulia: anaweza kilomita ngapi kwa siku, siku tatu mfululizo, anataka chumba chake au atalala na mwenzake, kiwango cha mwisho anachoweza kutumia kwa siku, na ana ugonjwa gani au anatumia dawa gani ambayo kiongozi anapaswa kuijua. Majibu yasomwe na mtu mmoja anayetunza siri. Wazee wetu wana aibu ya kutaja udhaifu mbele ya rafiki wa miaka arobaini: hadharani mtu atasema sitini, kwenye karatasi ataandika thelathini na tano. Hiyo thelathini na tano ndiyo ya kupangia safari. Wenye nguvu hawapotezi kitu, watapanda kuangalia ngome wakati wenzao wanakunywa chai.

Suala la vyumba lisichukuliwe kirahisi. Anayekoroma anajijua, na anayelala peke yake hulipa zaidi ya nusu ya bei ya chumba cha wawili. Kubalianeni sasa, si usiku wa kwanza mkiwa mapokezi.

Miezi kumi kabla: tarehe na visa

Chagueni kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Juni, au Septemba. Julai na Agosti kuna joto kali, na njia hujaa familia zilizo likizoni. Septemba ina hatari yake pia: mwaka 2024 mvua kubwa ya mwezi huo ilileta mafuriko mashariki mwa Austria. Ndiyo maana hoteli ziwe za kufutika bila faini hadi siku chache kabla ya kufika.

Wasafiri wa pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani na Austria zikiwemo. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, na hapa hiyo ni Austria, ingawa mnaanzia Ujerumani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Kwa kundi, lengeni miezi minne, kwa sababu nafasi za miadi hujaa na si lazima wote mpate siku moja. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita.

Mstaafu hana barua ya mwajiri, na hapo wengi hukwama. Badala yake weka taarifa ya pensheni, taarifa za benki, hati ya nyumba au shamba, na barua fupi inayoeleza safari siku kwa siku ikitaja majina ya wenzako wote. Kila mmoja aweke barua ileile. Ratiba za watu wa kundi moja zikitofautiana, afisa ana haki ya kushangaa.

Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 na igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Ulizeni mambo matatu zaidi, na jibu liwe la maandishi: umri wa mwisho wanaoukubali, kama shinikizo la damu na kisukari vimejumuishwa baada ya kutajwa, na kama baiskeli ya umeme inahesabiwa. Ukificha ugonjwa ili bei ishuke, umenunua karatasi tupu.

Baiskeli: kodini huko

Msibebe za nyumbani. Za umeme hata hazibebeki, kwani betri yake huwa na watisaa (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) 400 au 500, na ndege za abiria haziruhusu betri inayozidi 160. Passau kuna wakodishaji wanaokupa baiskeli hapo na kuipokea Vienna, na kampuni zinazohamisha mabegi kutoka hoteli hadi hoteli. Lipieni huduma hiyo ya mabegi kabla ya kufikiria anasa nyingine yoyote.

Wakati wa kuagiza tuma kwa kila mtu: urefu wa mwili, urefu wa mguu kwa ndani kuanzia msamba hadi sakafuni bila viatu, uzito, na kama anataka ya umeme. Kwa aliyevuka sitini, mke kwa mume, ombeni fremu ya kushuka katikati. Wengi huanguka baiskeli ikiwa imesimama, wanapopitisha mguu juu ya kiti. Usichanganye kundi bila kufikiri: wawili wakiwa na umeme na sita bila, wenye umeme ndio wawe wale wa polepole. Ikiwa kinyume, kundi litakatika vipande kabla ya saa nne asubuhi.

Mkipokea baiskeli, tengeni saa nzima na msikubali kuharakishwa:

- Kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti liwe limenyooka. Likikunjwa, pandisha kiti. Nyonga ikiyumba, kishushe. Kiti cha chini mno ndicho huumiza goti kwa mbele.
- Usukani: uinuliwe ulingane na kiti au upite kidogo. Ganzi ya vidole maana yake uzito umeegemea mikononi.
- Breki: baiskeli nyingi za kwetu breki ya mbele ipo mkono wa kulia. Huko kwa kawaida ipo kushoto, na baadhi ya baiskeli za kukodi hufunga breki ukizungusha pedali kinyumenyume. Jaribuni kwenye uwanja mtupu mara kumi.
- Umeme: ukisimama, mguu usikae juu ya pedali, mota inaweza kukusukuma. Ondoka kwa kiwango cha chini kabisa.
- Piga picha za mikwaruzo iliyopo kabla ya kutia saini.

Baiskeli ya umeme ina uzito wa kilo 25 hivi, kwa hiyo kwenye ngazi za stesheni tafuteni lifti au ibebwe na watu wawili.

Kundi libebe pampu, tyubu mbili za saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, vijiti vya kutolea tairi, viraka na gundi, na seti ya funguo ndogo. Angalau wawili wawe wameshaziba pancha kwa mikono yao wenyewe. Gurudumu la nyuma la umeme ni kazi tofauti, kwa hilo mpigieni mkodishaji.

Mazoezi

Wiki kumi na mbili, mara tatu kwa wiki. Anzeni na kilomita 10, ongezeni kidogo kidogo. Kipimo cha mwisho ni kilomita 40 Jumamosi na 40 tena Jumapili, kwa sababu makalio hutoa hukumu siku ya pili. Suruali yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani. Mshono wa chupi ndio huchubua. Anayetumia dawa za moyo au shinikizo la damu za aina ya beta (beta-blocker) asiamini saa ya kupima mapigo ya moyo, maana dawa huyashusha. Apime kwa maneno: akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo.

Ratiba inayobebeka

Passau hadi Schlögen, ambapo mto unajikunja na kurudi ulikotoka, ni kilomita 42 hivi. Kutoka hapo hadi Linz ni zaidi ya 50, ndiyo siku ndefu kuliko zote, na Linz mpumzike siku nzima. Kisha Mauthausen, kilomita 25 hivi tu, na kuna sababu: kambi ya mateso ya Wanazi, leo makumbusho, ipo juu ya kilima na haifai kupitiwa mbiombio. Grein, 35 hivi. Melk, 50 hivi. Monasteri yake ya Wabenedikto ipo tangu 1089. Melk hadi Krems ni chini ya 40, ndani ya bonde la Wachau lenye mizabibu na aprikoti, na meli za msimu hubeba baiskeli kwa aliyechoka. Tulln, 45 hivi, halafu Vienna, 40 hivi. Siku nane za kuendesha, moja ya kupumzika. Mkiweza, ongezeni moja Melk.

Jumapili maduka ya Austria hufungwa karibu yote, hivyo maji, ndizi na mkate vinunuliwe Jumamosi. Jikoni za vijijini hufunga mapema usiku. Wasiokula nguruwe waulize kila mlo, hata supu. Fedha taslimu ziwepo kwa ajili ya vivuko.

Njiani

Huko ni kulia. Asubuhi ya kwanza, na kila baada ya kupumzika, kiongozi aseme kwa sauti: kulia. Ajali hutokea mnapoondoka mgahawani, akili ikiwa bado Mombasa. Ukivuka barabara tazama kushoto kwanza. Reli za tramu, treni za mjini zinazopita barabarani, za Linz na Vienna zivukwe kwa pembe mraba. Gurudumu likiingia ndani ya reli, utaanguka.

Mmoja atangulie, mmoja awe mkia, na mkia asimpite mtu kamwe. Penye njia panda, wa pili kutoka mbele anasimama hadi mkia umfikie. Simameni kila dakika 45, hata kama hakuna aliyeomba.

Dawa zisafiri kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege, inaweza kuganda. Sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya kuendesha, hata usiku, basi glukosi iwe karibu na kitanda na mwenza wa chumba ajue dalili. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa apelekwe hospitali, hata akisisitiza kwamba hana kitu. Ambulensi ni 144. 112 hufanya kazi pia.

Pesa

Mfuko wa pamoja ni wa chai, vivuko na vitafunio tu: kila mtu kiasi sawa, mweka hazina mmoja, ukijazwa unapopungua. Bia na mvinyo kila mtu alipe vyake, la sivyo asiyekunywa atawalipia wengine kimya kimya na kununa waziwazi. Kinachobaki kigawanywe Vienna, jioni ileile ya kurudisha baiskeli, kabla ya yeyote kwenda uwanja wa ndege.