Somo: Kwa nini volteji kubwa ndiyo iliyoufikisha umeme mbali

Andaa karatasi na kalamu, kwani historia ya kusafirisha nguvu kwa umeme haieleweki vizuri bila hesabu hii fupi.

Hatua ya 1. Tafuta mkondo (wingi wa umeme unaopita wayani) kwa kugawanya nguvu kwa volteji (msukumo wa umeme). Kilowati 100 zikitumwa kwa volti 1,000, waya hubeba ampea 100.

Hatua ya 2. Zidisha mkondo kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani wa waya, yaani jinsi waya unavyozuia umeme. Ukinzani ukiwa omu 5, kilowati 50 hugeuka joto njiani. Nusu nzima ya nguvu imepotea.

Hatua ya 3. Rudia kwa volti 10,000. Mkondo ni ampea 10, na upotevu ni wati 500 tu. Volteji imepanda mara 10, upotevu umeshuka mara 100, na waya ni uleule.

Hatua ya 4. Sasa tazama yaliyotokea Ujerumani. Mwaka 1882, wahandisi Marcel Deprez na Oskar von Miller walituma mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu) kutoka Miesbach hadi Munich, kilomita 57, kwa waya wa chuma wa telegrafu, na ni karibu robo tu ya nguvu iliyofika. Mwaka 1891, jenereta iliyozungushwa na maji ya mto Neckar, huko Lauffen, ilitoa umeme wa fezi tatu (mikondo geu mitatu inayopishana) wenye volteji ndogo, ambao transfoma, kifaa cha kubadilisha volteji, iliupandisha hadi volti 15,000 ili usafiri kilomita 175 hadi Frankfurt. Takriban robo tatu ilifika. Kwangu mimi, hakuna jaribio la zama zile lililokata shauri kwa uwazi kama hili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini hawakupandisha mkondo mnyoofu kwa transfoma?

Jibu: Transfoma huhitaji usumaku unaobadilika wakati wote, na mkondo mnyoofu uliotulia hauuleti. Mkondo geu, unaogeuza mwelekeo kila mara, huuleta.

Swali: Je, umeme haukuvuja kwenye nguzo wakati wa mvua?

Jibu: Hofu hiyo ilikuwapo, ndugu. Vumbi lililolowa juu ya kikombe cha kauri kinachoshikilia waya kwenye nguzo huwa njia ya umeme kuelekea kwenye nguzo, hivyo vikombe vilitengenezewa mifereji ya mafuta kwa ndani, na mafuta yakaikata njia hiyo.