Mawe kwenye mfuko wa nyongo: utoe mfuko au ubaki nao?

Umeenda kupiga altrasaundi kwa shida nyingine kabisa, majibu yanarudi eti una mawe kwenye mfuko wa nyongo, sasa huyu anakwambia kakate haraka, yule anakwambia usithubutu. Tulia kwanza. Kabla ya hayo yote jiulize, hayo mawe yamewahi kukuuma?

Na maumivu yake yana sura yake. Yanashika juu ya tumbo, katikati au kulia chini ya mbavu, mara nyingi umeshakula au usiku umelala, yanakaza kuanzia nusu saa hadi masaa kadhaa halafu yanaachia, saa nyingine yanatambaa mpaka mgongoni au bega la kulia. Gesi na tumbo kujaa tu sio ushahidi, wapo waliotolewa mfuko na gesi ikabaki palepale. Kama hujawahi kuumwa hivyo basi mawe yako yamelala, na wengi wa aina hii hawaji kusumbuliwa maisha yao yote, kwa hiyo kawaida unaachwa nayo. Isipokuwa mawe makubwa yanayozidi sentimita 3, ukuta wa mfuko ulioota chokaa, au kinyama ndani ya mfuko kilichofika milimita 10, hapo daktari anaweza kutaka kutoa hata kama huumwi.

Yakishaanza kuuma mimi naegemea kutoa, nasema wazi. Yakiuma mara moja huwa yanarudi, na jiwe likiteleza likaziba mrija unaweza kupata maambukizi au kongosho kuvimba, na kongosho sio kitu cha kuchezea. Carl Langenbuch, daktari wa Berlin aliyetoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza mwaka 1882, hoja yake ilikuwa kwamba mfuko wenyewe ndio unaotengeneza mawe, yaani ukizoa mawe ukaacha mfuko umeacha kiwanda kinafanya kazi. Nyongo inatengenezwa na ini, mfuko ni stoo tu, ukiutoa nyongo inashuka moja kwa moja kwenye utumbo na watu wanakula kama kawaida, ingawa wengine wanaharisha hasa wakila mafuta mengi. Siku hizi operesheni inapitia matundu madogo na wengi wanalala hospitali usiku mmoja au hawalali kabisa. Hatari ya kuogopa ni mrija mkuu wa nyongo kukatwa kwa bahati mbaya, ni nadra ila ikitokea ni kesi kubwa, kwa hiyo usione aibu kumuuliza daktari mpasuaji ameshafanya ngapi.

Kubaki na mfuko inawezekana lakini mlango ni mwembamba. Kuna vidonge vya ursodioli, vinayeyusha mawe ya kolesteroli tu, yawe madogo chini ya sentimita 1 na mfuko uwe bado unabana vizuri, unameza miezi 6 hadi miaka 2, na hata yakiisha karibu nusu ya watu yanawarudia ndani ya miaka 5. Mawe yenye chokaa, au yale meusi ya watu wenye sikoseli, dawa haiyagusi. Naona vidonge vinamfaa zaidi mtu ambaye moyo au mapafu yake hayawezi kuhimili nusukaputi. China wapo wanaofungua mfuko, wanatoa mawe wanaushona, ila kiwanda si bado kipo?

Ile ya kunywa mafuta ya zeituni na limao eti mawe yatoke yenyewe achana nayo, yale mabonge ya kijani unayoona chooni ni mafuta yenyewe yameganda kama sabuni.

Ila ukipata homa na kutetemeka, macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, au maumivu yamepita masaa matano hayaachii, usisubiri siku ya kliniki, nenda emajensi usiku huohuo na usile kitu njiani maana huenda ukaingia tieta.