Umetolewa zoloto? Sauti inarudi hivi

Kama wewe au mtu wako ametolewa zoloto lote, yaani kisanduku cha sauti kilichopo kooni, jueni kuongea kunawezekana tena, na njia ya operesheni inayotumika sana ni ile ya kutoboa katundu kati ya bomba la hewa na umio (njia ya chakula) halafu inawekwa vali ndogo ya silikoni, walioianzisha ni daktari mpasuaji Singer na mtaalamu wa usemi Blom, mwaka 1980 hivi.

Muulize daktari mapema, kabla ya operesheni, kama katatobolewa siku hiyohiyo au baadae, manake yote mawili yanawezekana.

Kuongea kwenyewe sasa: vuta hewa kupitia tundu la shingoni unalopumulia baada ya operesheni, lizibe kwa kidole gumba, kisha toa pumzi taratibu. Hewa inapita kwenye vali inaingia kooni, kuta za koo zinatetemeka, sauti hiyo! Usikandamize kwa nguvu, wengi wanakosea hapo. Sauti ikigoma kabisa usikate tamaa, mara nyingi ni misuli ya koo imejikaza, na daktari anaweza kuikata kidogo au kuidunga botoksi ikalegea.

Vali isafishe kila siku kwa kiburashi chake. Ukinywa maji ukawa unakohoa, ujue inavuja, fangasi huwa wanaiharibu, ndo maana inabadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Ikichomoka usingoje kesho, katundu kanaziba haraka sana, wahi hospitali, na kama huioni ilipoangukia waambie, inaweza kuwa imeingia kwenye njia ya hewa.