Ukimwambia "sasa hivi", angalia saa

Mwanangu ana miaka 11. Kazaliwa na dada yangu, mimi ni mama yake mdogo, na likizo zote huja kwangu Tanga. Ana usonji (autism), yaani ubongo wake hupokea maneno, kelele na watu tofauti na wetu. Kila mgeni huniuliza aishi naye vipi, nami nimechoka kueleza mlangoni.

Tuanze na salamu. Ukimwuliza "Habari za nyumbani?" atakupa habari za nyumbani. Mzee mmoja jirani aliwahi kuambiwa kwamba friji limekufa, baba kagombana na fundi, na maziwa yamemwagwa. Mzee akabaki ananitazama mimi. Lakini mtoto kaulizwa, kajibu. Sisi ndio tunaouliza tusilotaka kujua. Vivyo hivyo ukisema "karibu chakula" kwa kutimiza adabu tu: ataketi, atakula. Shikamoo anatoa, ila macho yako kwenye kitasa cha mlango. Itikia marahaba, yaishe. Usimshike kidevu kumgeuza. Ameshaniambia kwamba akimtazama mtu machoni, maneno hayasikii.

Sasa hilo la "sasa hivi". Kwetu sisi inaweza kuwa dakika mbili, inaweza kuwa baada ya alasiri. Siku moja nilimwambia tunakwenda Raskazone sasa hivi. Akavaa viatu, akasimama mlangoni. Mimi nikakaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Nusu saa baadaye alikuwa analia, kaziba masikio, anazunguka palepale. Mama mkwe akasema mtoto anadeka. Hadeki, mama, nilimwahidi kitu nikakivunja mbele ya macho yake. Tangu hapo nasema: "Tunaondoka saa 10 na nusu. Daladala ikichelewa, tutangoja." Hiyo sentensi ya pili usiisahau.

Akizidiwa (blenda, jenereta, watoto wengi kwa pamoja), zima redio, nyamaza, usimguse. Atajifunika kanga yangu kichwani. Kizibo cha soda anachokizungusha vidoleni mwachie, ndicho kinachomtuliza. Na tafadhali, usiniletee habari za mganga. Hakurogwa, wala si chanjo, wala si malezi ya dada yangu. Kazaliwa hivyo.

Watu husema wenye usonji hawaelewi wenzao. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: nasi pia hatuwaelewi wao. Mimi nilikuwa nimeshaligundua hilo pale mlangoni, na nazi yangu mkononi.

Ukitaka urafiki naye, achana na "unasoma darasa la ngapi". Muulize vituo vya reli ya Moshi. Pongwe, Muheza, Korogwe, Mombo, Same, anashuka navyo vyote, na vile vidogo ambavyo mimi hata sivijui. Kaa ubavuni mwake, si mbele yake. Yule mzee jirani, kumbe ujanani alifanya kazi relini, siku hizi anakuja barazani bila hata kuniuliza kama nipo. Wanakaa bega kwa bega wakitazama barabara, hawasalimiani. Juzi nimewasikia wanabishana kuhusu kituo kimoja kabla ya Korogwe. Mzee alishindwa, akaomba chai.