Gasketi ya themostati ukiikosa dukani

Gasketi hii ni kipande cha kuziba maungio ya kifuniko cha themostati, vali ya maji ya kupooza injini, yasivuje. Kata yako mwenyewe kwa karatasi ya gasketi, au manila ngumu kama umekwama njiani. Usihangaike na kuchora, kwangua mabaki ya ile ya zamani, weka karatasi juu ya kifuniko chenyewe cha themostati halafu gongagonga kingo na kinyundo cha kichwa duara, ukingo wa chuma ndio unakata kwahiyo saizi inatoka ileile kabisa. Anza na matundu ya bolti, pachika bolti zake karatasi isihame. Kama kifuniko ni cha alumini gonga taratibu jamani, ukingo ukibonyea maji yatavuja tu. Silikoni ya kuzibia paka kidogo sana. Ila gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini) na ya egzosi (bomba la moshi) usijaribu, moto na presha ya pale karatasi haikai.