Moto iko ngapi? Namna ya kufuata asili ya neno

Wanafunzi wangu hapa Goma huwa nawapa neno moja tu: moto. Mama jikoni analalamika kwamba moto umezimika. Motari, yaani dereva wa pikipiki, pale mtaani Birere naye anasema moto imezimika, tena abiria yuko mgongoni. Mgeni kutoka Kinshasa akisema kwa Lingala "moto oyo", anamaanisha mtu huyu.

Usikimbilie kamusi. Andika sentensi nzima jinsi ulivyoisikia, kisha tazama upatanisho: umezimika ni wa jiko, imezimika ni ya pikipiki. Mitaani tunachanganya hivyo viwili bila aibu, kwa hiyo uliza na wingi. Ya jiko ni mioto. Pikipiki zinabaki moto, moto mbili, moto tatu. Ya Lingala inageuka bato.

Hapo kwenye bato, tulia. Weka moto na bato kando ya mtu na watu, halafu bomoto kando ya utu. Ongeza umuntu na abantu wa Kinyarwanda. Vyote ni shina moja, -ntu. Kumbe moto wa Lingala ni ndugu wa mtu, wala hahusiki na jiko letu! Lingala ina moto wa kuunguza pia, na ina moto yenye maana ya kichwa. Irabu na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndizo zinazoyatenganisha, na maandishi ya kawaida huyaficha. Mwombe mwenye lugha ayatamke, umrekodi kwa simu.

Kwa pikipiki, uliza kitu chenyewe kilitoka wapi. Wafaransa walilikata motocyclette, neno la mwishoni mwa karne ya 19, likabaki moto, na moto- yake inarudi kwenye Kilatini movere, kusogeza. Mwanafunzi mmoja alinibishia: inaitwa moto kwa sababu bomba la moshi linachoma mguu. Makovu yapo, sikatai. Lakini Wahispania na Waitalia nao huiita moto, na Kiswahili hawakukisikia.

Mwisho kuna bahati tu. Kijapani kina moto, yaani chanzo au shina. Ndiyo iliyo ndani ya jina Yamamoto, shina la mlima. Silabi mbili nyepesi hugongana popote. Usitangaze undugu kabla hujapata maneno kadhaa yanayolingana kwa utaratibu uleule, kama ya mtu na bato. Kwa mashina ya Kibantu, jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, limeweka orodha yake kwenye intaneti. Anza kutafuta kwa maana ya Kifaransa, feu (moto) au personne (mtu).